Nimeshika 210 na pikipiki barabara ya Msata, sasa nataka kuinunua. Nishaurini

Kijana wa Tegeta
Wakuu, salamu. Naomba ushauri wa kweli, siyo wa kunifurahisha.

Nina miaka 29. Boda nimeendesha miaka sita, Boxer 150, nikaacha nilipopata kazi. Nimeanguka mara mbili tu, zote kwenye mchanga, zote chini ya 30. Sasa kuna jamaa anauza pikipiki kubwa ya mbio, Suzuki GSX-R1000 ya 2007, anataka milioni 13. Jumapili alfajiri tukaenda nayo barabara ya Bagamoyo–Msata, akanipa nijaribu. Nikashika 210. Upepo unakuvuta kichwa kama mtu anataka kuking'oa, lakini chuma chenyewe kimetulia kama uko 60. Nilivyoshuka sikutetemeka hata kidogo. Nimekuja kutetemeka nyumbani, nimeshika kikombe cha chai.

Shida ni kwamba jamaa alinirekodi, na mama watoto kaiona video. Hajagomba. Kauliza tu: "Angetokea mbuzi je?" Mpaka leo sina jibu. Je, mtu anaweza kukizoea kitu kama hiki akawa salama? Nia yangu ni kuendea kazini, wikendi nainyoosha kidogo.

Chuma ya Moto
Nunua mkuu, maisha yenyewe haya haya. Ukifa, umekufa na chuma yako.

Mama Zamu
Chuma ya Moto, mimi niko wodi ya mifupa. Waliokufa hawafiki kwetu. Wanaofika ni vijana wa miaka 26 wanaofundishwa na mama zao kushika kijiko. Kuna mmoja kitanda cha dirishani, mguu mmoja haupo, na kila jioni anamuuliza mkewe kama pikipiki imepona. Mke anamjibu ipo gereji. Haipo gereji.

Mwalimu wa Hesabu
Kijana, twende na mbuzi wa mkeo, maana swali lake ndilo lenyewe.

Kilomita 210 kwa saa ni mita 58 kwa sekunde. Toka jicho limwone mbuzi hadi mkono ubane breki, tuseme sekunde moja na nusu. Hapo umeshakula mita 87 na hujapunguza chochote. Kusimama kabisa, kwa breki nzuri na lami kavu, ongeza mita 215 hivi. Jumla mita 300, karibu viwanja vitatu vya mpira kwa urefu. Ukiwa 80, hesabu hiyohiyo inakusimamisha ndani ya mita 65.

Sasa mbuzi katokea mita 100 mbele. Wa 80 anasimama, anapiga honi, anamtukana mwenye mbuzi. Wa 210 anaanza kubana breki zikiwa zimebaki mita 13. Anamgonga bado yuko juu ya 200. Umekimbia mara mbili na nusu ya mwenzio, lakini nguvu ya kuzimwa na breki zako ni karibu mara saba, kwa sababu nguvu hiyo inakua kwa mwendo mara mwendo. Kuzoea hakupunguzi hata mita moja hapo.

Kijana wa Tegeta
Mwalimu nimekusoma, ila ile barabara imenyooka. Unaona mbali sana.

Dereva wa Malori
Unaona mbali MBELE. Mbuzi hatokei mbele, anatokea pembeni kwenye majani. Halafu kuna jambo wengi hamlisemi. Mimi nimepita hiyo njia sana, pale Kiwangwa kwenye mananasi watu wanavuka muda wote. Mama amebeba beseni kichwani, anatazama upande wako, anaona taa moja kule mbali. Maisha yake yote taa moja ni bodaboda ya 60. Anapiga hesabu ya boda, anaanza kuvuka. Hajakosea yeye. Wewe ndiye uliyemdanganya kwa ile taa yako. Na mimi kwenye lori ni hivyohivyo: naangalia kioo, hakuna kitu, nawasha indiketa, natoka kumpita mwenzangu, ghafla kuna mtu ubavuni. Mlimani sikuoni, kwenye vumbi sikuoni, usiku ndiyo kabisa.

Chuma ya Moto
Sasa mnataka watu wapande punda? Vaa helmeti ya maana, yamekwisha.

Mwalimu wa Hesabu
Helmeti avae, tena nzuri. Lakini ajue imepimwaje. Kiwango cha Ulaya cha ECE 22.05, kilichotumika miaka mingi, kiliiangusha helmeti kwenye kipande cha chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Siyo uzembe wa waliopima. Walikuwa wanafikiria kichwa kinachodondoka chini kutoka kimo cha mtu aliyepanda, na hapo helmeti inaokoa wengi. Kichwa kinachokutana na nguzo au tela la lori kwa 200 ni habari nyingine.

Kozi 1300
Nimesoma kimyakimya, ngoja niseme na mimi niliye na dhambi. Ninayo Suzuki Hayabusa, pikipiki ya cc 1300. Jina ni la Kijapani, maana yake ndege kozi. Ilipotoka 1999 ilifika 312 hivi, wenye viwanda wakaona Ulaya itawaletea sheria, wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe waishie 299. Kwa hiyo hata waliozitengeneza walifika mahali wakasema basi.

Uzoefu wangu: muda wote niliowahi kuwa juu ya 200, ukiujumlisha, haufiki robo saa. Uliobaki ni foleni ya Mwenge, injini inanichoma mapaja, boda wananichomekea kulia na kushoto. Kijana kasema aendee nayo kazini. Mkuu, kwenye makazi mwisho ni 50, na hiyo unayoitaka gia ya kwanza pekee inavuka 140. Utaendesha mwaka mzima hujui gia ya tatu ni ya nini. Ndiyo maana wikendi mtu anatoka kama mbwa aliyekatika kamba. Tochi ya trafiki ndiyo ya kuogopa kidogo kuliko zote.

Fundi Rimu
Nina maswali matatu, mengine nawaachia.

Moja. Siku ile unajaribu, jamaa alibonyeza swichi yoyote ya mkononi kabla hajakupa? Na dashibodi ilionyesha herufi gani? Hiyo ya 2007 ndiyo ya kwanza kuja na modi A, B, C. A ni nguvu zote, C imepunguzwa.

Mbili. Tairi ya nyuma, pembeni, kuna tarakimu nne kwenye kiboksi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Nisomee. Na herufi ya mwisho kwenye saizi ni mwendo: H mwisho 210, V 240, W 270. Nishaona mtu kafunga H kwenye chuma cha namna hii kwa sababu ilipatikana bei chee.

Tatu. Unajua haina ABS, ile breki inayozuia tairi kufunga? Boxer yako ina farasi kama 12 na ukibana breki ya mbele vibaya unajua kinachotokea. Hii inazo zaidi ya 150. Mkono ukishtuka kwa mbuzi, tairi ya mbele inafunga, umelala kabla hujamfikia.

Kijana wa Tegeta
Wakuu nimerudi. Nimepitia kwa jamaa baada ya kazi.

Fundi, ni kweli alibonyeza kitu siku ile, nilidhani anawasha taa. Nimeangalia video tena, dashibodi inasoma C. Kwa hiyo 210 yangu ilikuwa ya nguvu nusunusu. Sijui nicheke au nilie.

Tairi ya nyuma ni 1614. Nikamwambia hii ni ya 2014, akaniambia angalia kashata zake, mpya kabisa, haijatembea. Saizi inaishia na W. Ya mbele ni 3112.

Mama watoto kasoma uzi wote, kaishia kwa Mama Zamu, akaniuliza yule wa dirishani kama ana watoto.

Mama Zamu
Wawili.

Fundi Rimu
Mpira unakauka hata ukiwa umesimama stoo, mkuu. Kashata zinabaki, mshiko unaondoka. Na nyie mlitoka alfajiri, tairi baridi. Mshukuru Mungu ilikuwa imenyooka.

Kozi 1300
Kama roho bado inataka, tafuta ya cc 400 yenye ABS, ukae nayo miaka miwili. Sikulazimishi, mimi mwenyewe sikushaurika.

Kijana wa Tegeta
Nimemwambia jamaa anipe wiki nifikirie. Kanipigia sasa hivi, kashusha hadi 11.

Fundi Rimu
Muulize tairi mbili mpya ni juu ya nani.