Mjadala: Uji wa asubuhi shuleni uwe wa wote au wa waliolipiwa?

Mtoa hoja, mzazi wa Mbagala

Ndugu wazazi na walimu, naileta hoja iliyotugawa katika kikao cha shule ya watoto wetu. Kikao kiliafiki kila mzazi achangie uji wa asubuhi, na mimi nilinyoosha mkono kuunga mkono. Wiki mbili baadaye nilipita shuleni mapema, nikakuta watoto ambao wazazi wao hawajachangia wamekaa chini ya mwembe wakisubiri wenzao wamalize vikombe. Mmoja alikuwa ameinamia daftari kana kwamba anasoma, ilhali ukurasa ulikuwa mtupu. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba uji unywewe na watoto wote au usipikwe kabisa, na sehemu ya wasio na uwezo ibebwe na halmashauri kutoka katika mapato yake ya ndani.

Najua nitajibiwa kwa waraka wa serikali. Elimumsingi haina ada tangu Januari 2016, na waraka wa mwaka huohuo uliofafanua majukumu ya kila upande uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Waraka huo una mantiki yake, lakini umejengwa juu ya dhana kwamba mtoto wa kutwa hutoka nyumbani akiwa amekula. Hapa Dar es Salaam, mtoto anayeishi Mbagala na kusoma Ilala kwa sababu mama yake anauza Kariakoo huamka saa kumi na moja alfajiri, ili apate daladala kabla makonda hawajaanza kuwachagua abiria wa nauli kamili. Saa hiyo jiko la mkaa bado ni la baridi. Hata katika nyumba ambayo mkate upo, mtoto aliyeamshwa kwa kutikiswa bega hatamani kula; hamu humjia saa mbili na nusu, akiwa katikati ya kipindi cha hisabati. Ndiyo maana siamini kwamba tatizo hili ni la maskini peke yao.

Wanaosema kifungua kinywa hakina uhusiano na masomo waangalie utafiti uliofanyika Jamaika na kuchapishwa mwaka 1998. Watoto 814 wa shule 16 za vijijini waligawanywa: baadhi walipewa kifungua kinywa kila siku ya shule kwa mwaka mzima, na wengine wakapewa robo ya chungwa. Waliokula waliongezeka kidogo uzito, kimo na mahudhurio, na wale wadogo zaidi wakafanya vizuri zaidi katika hesabu.

Mwalimu wa darasa la pili, Temeke

Mzazi mwenzangu, nimesoma hoja yako kwa heshima, na picha ya mtoto chini ya mwembe naijua kuliko ninavyotamani kuijua. Hata hivyo umesema mwenyewe kwamba matokeo ya Jamaika yalikuwa kidogo, na neno hilo lisipitwe haraka. Upo mfano wa karibu zaidi. Magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za awali 25 zilipewa uji wa asubuhi bila malipo na nyingine 25 hazikupewa. Mahudhurio katika shule zenye uji yalikuwa juu kwa asilimia 30. Alama za watoto, hata hivyo, zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa tayari na uzoefu wa kufundisha. Kwingineko watoto walikuja wengi, wakanywa, na alama zikabaki palepale. Watafiti waliona pia kwamba ugawaji wa uji ulikula muda wa kufundisha na kwamba madarasa yaliongezeka watoto.

Mimi nina watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Kupanga mstari, kunawa mikono, kugawa, kumpangusa aliyemwagikiwa, kukusanya vikombe, kisha kuwatuliza tena ili washike penseli: uji ukigawiwa na mwalimu, kipindi cha kwanza kimekwisha, na kipindi cha kwanza ndicho tunachofundishia kusoma. Sipingi uji. Napinga kuugeuza kuwa kazi ya mwalimu, kisha mwisho wa mwaka nikaulizwa kwa nini watoto hawajui kusoma.

Mzee wa Magomeni

Wanangu, sisi tulikunywa uji wa bulga, yaani ngano iliyovunjwavunjwa, shuleni, na hakuna aliyeulizwa baba yake amelipa nini. Tuliulizwa kikombe tu. Asiye na kikombe alisubiri cha jirani.

Mhudumu wa afya, Ilala

Naona tunabishana kuhusu nani anywe, na hakuna aliyeuliza anakunywa nini. Uji wa sembe wenye sukari nyingi humshibisha mtoto kwa muda mfupi, kisha njaa hurudi kabla ya mapumziko ya saa nne. Sembe imekobolewa, sehemu kubwa ya madini ya chuma, vitamini B na nyuzinyuzi imebaki kwenye pumba, ambayo tunawauzia wafugaji wa kuku. Dona ina faida zaidi, ingawa kamati zinapaswa kujua kwamba haikai muda mrefu stoo, kwa kuwa mafuta ya kiini cha mahindi huchacha.

Kuna pia mtindo wa kununua unga wa lishe wenye nafaka saba au nane pamoja na karanga, bila kujua umesagwa wapi. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa penye unyevu hupata sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Afadhali dona safi ya nafaka moja, ikiongezwa maziwa pale fedha inaporuhusu, kuliko mchanganyiko usiojulikana asili yake.

Kwa wale wanaokula nyumbani, tatizo kubwa ninaloliona ni chai ya rangi. Mtoto hupewa kikombe cha mkandaa na andazi, na chai hiyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani, naye huitwa mvivu. Ndimu inayokamuliwa kwenye uji, jambo ambalo bibi zetu wa pwani walilifanya kwa ajili ya ladha tu, husaidia madini hayo kufyonzwa. Ndimu haihitaji waraka.

Mzazi wa Tandika

Dada wa Mbagala, mimi ni miongoni mwa ambao hawakuchangia, ingawa shule yetu si hiyo yako. Mwanangu nampa shilingi mia tano, ananunua muhogo wa kukaanga na kachumbari kwa mama mmoja nje ya geti, anashiba. Uji ukiwa wa bure kwa wote, yule mama naye ana watoto wanaosoma hapohapo, atawalisha nini?

Mtoa hoja

Dada yangu wa Tandika, sina jibu safi. Ninachoweza kusema ni kwamba kamati inayohitaji mpishi haina sababu ya kumpita mtu ambaye tayari anawapikia watoto hao kila siku, mradi apimwe afya na apewe mahali penye maji.

Kwa mwalimu nakiri kwamba sikuufikiria muda. Narekebisha hoja yangu: uji ugawiwe kuanzia saa moja kasoro robo hadi saa moja na nusu, na wazazi kwa zamu, na kengele ikilia masufuria yafunikwe hata kama wapo waliochelewa. Juu ya nani alipe, sijasogea. Jimbo la Tamil Nadu nchini India lilianza Septemba 2022 kuwapa kifungua kinywa watoto wa darasa la kwanza hadi la tano wa shule za serikali kwa fedha za jimbo, bila orodha ya waliochangiwa, na huko nako wapo wazazi wenye uwezo na wasio nao.

Mwalimu wa darasa la pili, Temeke

Kwa mpangilio huo naweza kuunga mkono. Ila shule yangu ina zamu mbili. Watoto wa mchana hufika saa sita, wengi wakiwa wameruka kifungua kinywa kwa kuwa nyumbani waliambiwa wasubiri chakula cha mchana, na chakula cha mchana huiva wakiwa wameshaondoka.

Mtoa hoja

Hao sikuwahesabu. Nitaomba suala lao liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho kabla hatujapanga bei ya uji.