Tupeane uzoefu: macho kuuma mbele ya kompyuta, wewe uligunduaje chanzo?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Nawalenga hasa mliopimwa macho mkaambiwa mko sawa, lakini ukikaa mbele ya skrini kidogo tu macho yanawaka moto. Wengi tunaambiwa "pumzika" na habari inaishia hapo. Inaniuma, maana mara nyingi tatizo lipo kwenye mashine na linatafutika.

Naanza mimi. Monita mpya ilinipa maumivu nyuma ya macho, na kadiri nilivyopunguza mwangaza ndivyo yalivyozidi. Nikachukua simu, nikaweka spidi ya shata ya kamera (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/1000, nikapiga picha ukurasa mweupe. Mwangaza ukiwa 100, picha safi. Nikaushusha hadi 30, picha ikajaa mistari myeusi. Kumbe monita za aina hii hazififishi taa: zinaiwasha na kuizima mara mamia kwa sekunde, na ukitaka giza zaidi zinairefushia muda wa kuzima. Jicho halioni, ila wengine tunaumia. Sasa monita naiacha na mwangaza wa juu, napunguzia kwenye draiva (programu inayoendesha) ya kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini, na chumbani nimeongeza taa.

Waya_Mwekundu
Mkuu, kwangu monita ni ileile na kebo ileile, nilibadilisha kadi ya grafiki tu. Jioni hiyohiyo kichwa kinagonga. Nikachomeka kebo kwenye tundu la ubao mama ili itumike grafiki ya ndani ya prosesa: nafuu. Nikarudisha kwenye kadi: maumivu yaleyale. Ninachoshuku ni ule ujanja wa kuigiza rangi ambazo paneli haina, pikseli inarukaruka kati ya rangi mbili jirani kila fremu. Nikashusha kina cha rangi (wingi wa rangi zinazotumwa kwenye skrini) kutoka biti 10 hadi 8, nikazima HDR (hali ya kuongeza tofauti ya mwanga na giza), na nimetulia. Sisemi ni dawa ya kila mtu, ila jaribu kubadilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokuponya.

Kalamu_Kavu
Mimi natumia televisheni ya 4K kama monita. Herufi nyekundu kwenye mandhari nyeusi zilikuwa na ukungu, na mausi inajikokota. Kebo na tundu vilikuwa vya HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inaishia 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Nilipobadilisha kebo na tundu nikapata 60 Hz, nikachagua RGB (rangi kamili kwa kila pikseli) badala ya 4:2:0 (inayopunguza taarifa za rangi), nikazima ule ukolezaji wa kingo za herufi na picha wa televisheni. Herufi zikakaa sawa na macho yakaacha kuhangaika.

Mama_Mahesabu
Wanangu, msisahau miwani. Ya kusomea hulenga kitabu, kama sentimita 40, na skrini yangu iko karibu 70. Nilikuwa nainua kidevu kutafuta herufi, shingo na macho vikachoka pamoja. Daktari akanipa miwani ya umbali wa skrini. Feni nayo nimeigeuza isinipulize usoni, maana ukikodolea kioo unapepesa macho mara chache na yanakauka.

Mwanzisha mada
Ahsante sana mama. Waya_Mwekundu, hebu rudisha biti 10 huku HDR ikiwa imezimwa, utuambie. Nataka tujue kati ya hivyo viwili ni kipi.

Waya_Mwekundu
Narudisha leo, nitaleta majibu.