Paka mzee wa miaka 14 hajala tangu juzi jioni, nifanye nini?

BintiTabata
Wakuu, habari za asubuhi. Paka jike, miaka 14, ametolewa kizazi. Miezi miwili iliyopita alikuwa kilo 4.5, leo mizani inasoma 3.9. Mara ya mwisho kula ni juzi jioni. Maji anakunywa sana, na mkojo umeongezeka. Nikiweka chakula anakuja mwenyewe, ananusa, analamba midomo mara mbili tatu, anageuka na kuondoka. Mdomo unanuka vibaya. Hatapiki wala haharishi. Hapa mtaani nimeambiwa nimpe maziwa, wengine nusu ya Panadol "kama ni maumivu", wengine uji kwa nguvu. Sijampa chochote bado. Naweza kusubiri hadi Jumamosi?

Mkunazi
Dada, Jumamosi ni mbali mno. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Hatari kubwa iko kwenye ini. Paka asipokula, mwili unaanza kutumia mafuta yake, na ini la paka haliwezi kuyachakata kwa kasi hiyo. Mafuta yanajazana humo mpaka ini linashindwa kazi. Siku mbili tatu zinatosha tatizo kuanza, hasa kwa aliyekuwa mnene. Angalia weupe wa macho, fizi na upande wa ndani wa masikio. Ukiona umanjano, usingoje hata jioni.

Namna anavyokataa inaeleza mengi. Anayekuja, ananusa, analamba midomo na kuondoka ana njaa lakini anasikia kichefuchefu. Mwenye jino bovu hufanya vingine: anatia chakula mdomoni, anakiangusha, anainamisha kichwa upande mmoja au anajikuna shavu kwa mguu. Wako anaelekea kwenye kichefuchefu, na ukijumlisha kiu, mkojo mwingi, kukonda na harufu ya mdomo, cha kwanza kupima ni figo. Sukari na tezi ya shingo nazo zipimwe, kwa umri huo zinaleta dalili zinazofanana.

Omba kipimo cha damu chenye kreatinini na urea (taka ambazo figo huchuja), potasiamu na sukari, pamoja na homoni ya tezi. Shinikizo la damu lipimwe kama kifaa kipo. Mkojo unaweza kwenda nao: ondoa mchanga wote kwenye beseni lake la choo, lioshe, lisuuze vizuri, likaushe, umwachie tupu. Akikojoa, vuta mililita 3 hadi 5 kwa bomba la sindano safi. Ufike kliniki ndani ya saa moja, la sivyo uweke kwenye friji.

Kuhusu ushauri wa mtaani: Panadol ni sumu kwa paka, na hili nalisema kwa msisitizo wote. Ini lake halina njia ya kuivunja kama letu. Damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Nusu kidonge, yaani miligramu 250, inatosha kumuua paka wa kilo 3.9. Diklofenaki na Ibuprofeni usiziguse pia. Maziwa yatamharisha, apoteze hata maji aliyonayo.

FeriAsubuhi
Naongezea ya jikoni, wakati mnasubiri zamu ya daktari.

Paka hula kwa pua kwanza, na pua ya paka mzee imepungua nguvu. Chakula kilichotoka kwenye friji kwake hakina harufu. Chukua samaki mbichi, kibua au changu, mchemshe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu (vitunguu vinaharibu chembe zake za damu). Toa miiba yote kwa vidole. Dagaa wakavu wa baharini wana harufu nzuri lakini wamejaa chumvi, na kwa figo zinazoshukiwa siwashauri. Pasha moto kwa kutia bakuli ndani ya maji ya moto hadi chakula kiwe na joto la mwili, kama nyuzi 38. Ukigusa kwa ndani ya kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi. Tandaza kwenye sahani bapa, mbali na beseni lake la choo, kisha uondoke. Baada ya dakika 20 toa, kwa joto letu hili kinachacha na nzi wanatua.

Kiasi: paka wa kilo 3.9 akiwa ametulia anahitaji takriban kalori 187 kwa siku (kilo mara 30, jumlisha 70). Siku ya kwanza usimpe zote. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, madini kwenye damu yanaporomoka. Anza na theluthi moja, kama gramu 60 za samaki wa kuchemsha, ugawe mara tano au sita, uongeze kidogo kidogo hadi siku ya nne. Samaki peke yake si lishe kamili, ni wa kumrudisha kwenye sahani tu.

Akigoma kabisa, saga na supu yake, mpe kwa bomba la sindano lisilo na ncha: pembeni ya mdomo nyuma ya jino refu, kichwa kikiwa sawa, mililita moja kisha ameze.

KijanaMbagala
Hapo kwenye bomba naomba tusiende haraka, FeriAsubuhi. Kwa paka mwenye kichefuchefu, kumlisha kwa nguvu kunamfundisha kuchukia chakula chenyewe, na chuki hiyo hubaki hata akipona. Hatari nyingine ni chakula kupita kwenye mapafu, hasa ukimwinua kichwa juu. Kitangulie kichefuchefu kudhibitiwa. Daktari anayo sindano ya maropitanti. Akiona inafaa ataongeza mirtazapini ya kuamsha hamu ya kula: kipande kidogo mno, kama moja ya nane ya kidonge cha miligramu 15, na kwa figo dhaifu huwa siku moja ndiyo moja siyo. Usijinunulie duka la dawa. Ikizidi, paka anatetemeka na kulia usiku kucha. Na dawa yoyote isichanganywe kwenye samaki wake. Akiionja mara moja, samaki huyo hatamgusa tena.

Siku zikipita bila kula, mrija wa kulishia unaowekwa shingoni ni bora kuliko kupambana naye kila saa. Unatisha kuutazama, lakini paka wengi wanauvumilia vizuri, na dawa zinapita humohumo.

BintiTabata
Asanteni sana. Nimepata mkojo kama mililita nne, ni mweupe karibu kama maji. Fizi nikizigusa zinanata. Bajaji inakuja.

Mkunazi
Fizi kunata ni upungufu wa maji. (Kuvuta ngozi ya shingo kusikudanganye kwa paka mzee, imelegea tayari.) Mwenye figo nzima akipungukiwa maji, mkojo wake huwa mzito na wa manjano. Mweupe hivyo unamaanisha figo huenda hazikolezi mkojo tena, kwa hiyo mwambie daktari apime uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000). Chini ya 1.035 kwa paka aliyekauka ni ishara mbaya. Akitiwa maji chini ya ngozi, mara nyingi ni kama mililita 100 za dripu ya Ringer (maji yenye chumvichumvi), utaona uvimbe laini begani ukiteremka hadi mguuni. Usishtuke, unanyonywa ndani ya saa kadhaa.

Kikapu kifunike kwa kanga nyepesi, upande mmoja uache wazi hewa ipite. Akianza kuhema mdomo wazi njiani, mwambie dereva aongeze mwendo, na mkifika mpite mbele ya foleni.