Filamu fupi ya dakika 22: nianzie tamasha lipi?

Mwongozaji
Wakuu, filamu yangu imekamilika. Ni hadithi ya kubuni, dakika 22 pamoja na orodha ya majina ya walioshiriki inayopita mwishoni. Pesa iliyobaki inatosha ada za matamasha kama kumi tu. Nasita kati ya matamasha makubwa (Cannes la Ufaransa, Berlinale la Berlin, Sundance la Marekani), Clermont-Ferrand la Ufaransa, na yale ya mtandaoni yanayotoa tuzo kila mwezi. Nimeihangaikia miaka miwili, sitaki kuiharibu kwa pupa.

Mhariri
Cannes iondoe. Shindano lao la filamu fupi mwisho ni dakika 15, majina yakiwemo. Berlinale wanapokea hadi 30, na kwa Sundance chochote kisichofika dakika 50 ni kifupi. Ila kanuni kukuruhusu hakukupi nafasi. Filamu fupi huonyeshwa kwa mafungu, kadhaa katika kikao kimoja, na yako inakula nafasi ya mbili za dakika 11. Mteuzi wa filamu za tamasha akiipenda nusunusu, ataiacha kwa sababu ya urefu. Rudi kwenye meza ya uhariri uipunguze kwanza, hasa dakika tano za mwanzo.

Mtayarishaji
Mhariri kasema kweli. Mimi ningetanguliza Clermont-Ferrand. Ndilo tamasha kubwa zaidi la filamu fupi duniani na lina soko lake, kwa hiyo wanunuzi wanaokuja wamefuata filamu fupi. Kwenye matamasha ya filamu ndefu, fupi ni mtoto wa kambo. Suala la onyesho la kwanza duniani (tamasha kudai filamu isiwe imeonyeshwa kwingine) lisikunyime usingizi: linawabana zaidi wenye filamu ndefu. Sundance hawalidai kwa fupi.

Mpiga picha
Hayo ya kila mwezi nakusihi uyaache. Tulituma filamu kwa 14 ya aina hiyo, tukapata nembo tisa za kubandika kwenye bango, na hakuna mtu hata mmoja aliyeitazama ukumbini. Iliniuma sana. Kabla ya kulipa, tafuta ratiba yao ya mwaka jana, jina la ukumbi, na nani walikuwa majaji. Dogo lenye ukumbi na watazamaji ni sawa kabisa, tena huko ndiko utakaa na watu mkazungumza. Omba msamaha wa ada pia. Wengine hutoa ukiandika mapema.

Mtayarishaji
Nyongeza: usiiweke YouTube bado. Tuzo za Oscar zinapokea fupi hadi dakika 40, na njia mojawapo ni kushinda katika tamasha linalotambuliwa nao. Ikishawekwa hadharani mtandaoni kabla ya hapo, mlango umefungwa.

Mwongozaji
Asanteni sana. Nimekesha nayo, imeshuka hadi dakika 17, na ule mwanzo niliokuwa nikiupenda umeondoka. Clermont-Ferrand, Berlinale na Sundance, halafu sita madogo yenye kumbi. Ada moja naihifadhi. Manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) je, niyachome, yaani yawe sehemu ya picha yenyewe?

Mhariri
Kwa nakala ya wateuzi, yachome. Ya ukumbini iache safi, manukuu yawe faili pembeni.