Situpu 200 kila siku, lakini nikisimama kwa mikono mgongo unapinda kama ndizi. Nakosea wapi?

Miguu_Juu

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 24, nafanya jimnastiki ya watu wazima, mwaka na nusu sasa. Siku zote nilijua tumbo ndiyo sehemu yangu ya kujidai. Situpu 200 kila asubuhi kabla ya kuoga, planki dakika tatu bila kutetemeka.

Kasheshe iko mazoezini. Nikisimama kwa mikono kiuno kinabonyea, mbavu zinachomoza, miguu inaangukia upande wa pili. Jana mwenzangu kanirekodi kwa simu, nimejiona: ndizi mbivu kabisa. Na lile zoezi la kujinyanyua kwa mikono huku umekaa, miguu imenyooka mbele hewani, nadumu sekunde moja halafu misuli ya paja inabana mpaka napiga kelele. Kocha ana watu wengi, akinifikia ananiambia "kaza tumbo" anapita. Nakaza jamani! Nipandishe situpu zifike 300 au kuna kitu sikioni? Natanguliza shukrani.

Kocha_Mkongwe

Mkuu, hizo 300 achana nazo. Situpu inakufundisha kukunja mgongo na kuukunjua. Jimnastiki karibu yote inataka kinyume chake: kiwiliwili kibaki na umbo lake huku mikono na miguu ikienda mbio.

Leo fanya jaribio hili. Lala chali, pitisha karatasi chini ya kiuno, pale penye uwazi. Kaza makalio, vuta kinena kuelekea kwenye mbavu mpaka kiuno kiikandamize karatasi. Nyanyua mabega na miguu kidogo, mikono inyooke kandokando ya masikio. Huo tunauita mtumbwi. Sasa mwenzio avute karatasi taratibu. Ikichomoka, umbo limeshavunjika, hata kama wewe bado uko hewani na uso umekuiva. Mtumbwi huo ukiusimamisha kichwa chini ndiyo kusimama kwa mikono kwenyewe. Kama chini kiuno kinaachia, juu kitaachia tu.

Wengi wanajiharibia kwa kushusha miguu mapema. Kadiri miguu iliyonyooka inavyokaribia sakafu ndivyo uzito wake unavyoizungusha nyonga na kukibandua kiuno. Anza na magoti kifuani, mikono mbele. Ukimudu sekunde 30 karatasi haijatoka, nyoosha mguu mmoja, baadaye yote miwili, mwisho mikono. Seti nne za sekunde 20 zilizo safi, mara tatu au nne kwa wiki. Kiuno kikibanduka, seti imeisha, usihesabu tena. Na pumua, wengine wanakaza kwa kubana pumzi, wakitoa tu hewa kila kitu kinamwagika.

Chuma_Hakidanganyi

Mnamkatisha mwenzenu tamaa. Mi situpu 500 kwa siku na tumbo ni jiwe. Nguvu ni nguvu.

Kocha_Mkongwe

@Chuma_Hakidanganyi karatasi unayo nyumbani?

Dada_Nyonga

Mi nakujibu hilo la paja. Hapo usilisingizie tumbo peke yake. Misuli ya mbele ya nyonga, pamoja na ile ya paja inayonyoosha goti, inafanya kazi ikiwa imejikunyata kabisa, na haijazoea, ndiyo maana inabana.

Kaa sakafuni, miguu imenyooka mbele. Weka viganja chini, kimoja kila upande wa magoti. Bila kuegemea nyuma, nyanyua visigino vyote viwili kidogo tu, mara kumi, ya mwisho ishikilie. Ukiona ngumu rudisha viganja karibu na nyonga, ukiona rahisi visogeze kuelekea miguuni. Mara yangu ya kwanza visigino viligoma kabisa, nikabaki naitazama miguu kama ya jirani. Misuli ikibana, inyooshe, pumzika, rudi tena. Wiki chache inatulia.

Halafu mabega: sukuma sakafu chini mpaka shingo irefuke. Ukizama kwenye mabega, hata uwe na tumbo gani, makalio hayabanduki. Anza na magoti yaliyokunjwa, usione aibu. Na kwa taarifa yako, kwenye mashindano ya wanaume umbo la namna hiyo lazima lishikiliwe sekunde 2 ndipo lihesabiwe. Unadaiwa moja tu 😄

Tabibu_wa_Viungo

Mmesahau mgongo. Mtumbwi bila upinde ni nusu ya kazi: lala kifudifudi, kaza makalio, nyanyua kifua na miguu pamoja, sekunde 20. Ongeza planki ya ubavu, kila upande. Ila kwanza swali, @Miguu_Juu: kiuno hakiumi?

Miguu_Juu

Kinauma kidogo nikipiga daraja, ile ya kujipinda nyuma viganja na nyayo chini, tumbo juu. Ni upande wa kushoto. Wiki ya tatu hii. Nilidhani ni uchovu.

Tabibu_wa_Viungo

Basi daraja simamisha leo, na ule upinde niliokuambia uache kwanza. Maumivu ya upande mmoja yanayokuja ukijipinda nyuma, tena yasiyoisha, hayafai kubahatisha. Kupinda nyuma mara kwa mara kunaweza kuweka ufa mdogo kwenye pingili za kiuno, mara nyingi ile ya tano. Huwapata zaidi vijana wadogo, lakini mtu mzima hana kinga. Muone daktari akupime, huku mtandaoni hatuwezi kukuona mgongo.

Miguu_Juu

Wakuu, nimerudi, wiki sita zimepita. Daktari kanipima, mfupa mzima, ni misuli. Kanipumzisha na daraja, sasa nimeanza tena kidogokidogo bila maumivu. Situpu nimeacha. Siku ya kwanza karatasi ilichomoka hata mwenzangu hajaanza kuvuta vizuri, nikaona haya. Sasa mtumbwi wa miguu iliyonyooka nafika sekunde 35, na juzi kavuta karatasi ikachanika nusu, nusu nyingine imebaki chini yangu. Ya kukaa hewani, sekunde 3, magoti bado yanakunjika kidogo. Ila kwa mikono bado napinda, afadhali si kama zamani.

Kocha_Mkongwe

Hapo sasa. Simama kwa mikono kifua kikitazama ukuta, siyo mgongo. Vidole vya miguu na pua ndivyo viguse. Ukigeuzia ukuta mgongo, unajifundisha ndizi upya.

Chuma_Hakidanganyi

Nimejaribu hiyo karatasi yenu. Sekunde ya nne imetoka. Kuna ukubwa maalumu wa karatasi au yoyote tu?