Tupeane uzoefu: mchezaji wa hoki anavyopimwa kwa pasipoti yake

Baba Brampton
Wakuu, salaam kwenu. Humu tuko wengi tuliotawanyika Kanada, Uswidi, Ufini na Marekani, na hoki ya barafuni imeingia majumbani mwetu kupitia watoto. Naomba tusimuliane tuliyoyasikia kwa masikio yetu: watangazaji na wachambuzi wanavyomhukumu mchezaji kwa nchi yake kabla ya kutazama anachofanya uwanjani.

Langu mimi ni la Ovechkin. Yeye na Crosby walianza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, msimu mmoja, 2005. Crosby, mtoto wa Nova Scotia, Kanada, akaitwa kiongozi mwenye akili ya mchezo. Ovechkin akaitwa Mrusi mwenye shuti kali, asiyejali kukaba wala kombe. Kijana wangu, ambaye amebandika picha ya Ovechkin ukutani, aliniuliza mbona wanasema hajitumi wakati kila mechi anawagonga watu kwa bega mpaka kioo cha pembeni mwa uwanja kinatikisika. Mwaka 2018 timu yake ya Washington ikachukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, na Ovechkin akapewa tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Aprili 6, 2025 akafunga bao la 895 na kuipita rekodi ya Gretzky ya mabao mengi zaidi NHL. Sasa wanamsifu. Lakini miaka yote ile ya kuambiwa hana moyo ilikuwa dhuluma, nasema bila kuuma maneno.

Mpwani wa Göteborg
Baba Brampton, hayo hayakuanza kwa Ovechkin. Kazini kwangu yupo mzee wa Kiswidi ambaye ukimtajia Börje Salming, beki wa Kiswidi wa zamani, chai itapoa mezani. Salming alikwenda timu ya Toronto Maple Leafs mwaka 1973 pamoja na Mswidi mwenzake Inge Hammarström. Wakati huo huko Amerika Kaskazini ilishaamuliwa kwamba Mswidi ni mwoga, akiguswa tu atakimbia. Wapinzani, hasa Philadelphia, wakamfanya shabaha: fimbo za mikononi, viwiko, ngumi. Na mmiliki wa timu yao wenyewe ya Toronto, Harold Ballard, akasema Hammarström anaweza kuingia kona ya uwanja na mayai mfukoni asivunje hata moja, yaani hagusani na mtu. Mzee ananiambia kilichowauma Waswidi ni kwamba maneno yale yalitoka kwa bosi wao, siyo kwa adui.

Sasa mtazameni huyo mwoga. Alikuwa beki anayejitupa mbele ya mashuti. Mwaka 1986 kiatu cha barafu kilimpasua uso, akashonwa nyuzi zaidi ya 200, kisha akarudi kucheza. Kwenye Kombe la Kanada la 1976 alitambulishwa Toronto akiwa na jezi ya Uswidi, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Mwaka 1996 akaingia Jumba la Heshima la hoki, Mswidi wa kwanza. Alipofariki Novemba 2022 mzee wangu alilia mbele yetu sote, na hakuna aliyemshangaa.

Fundi Edmonton
Mimi hoki nilifundishwa na televisheni ya Jumamosi usiku, kile kipindi cha mchambuzi Don Cherry. Mgeni huna kipimo kingine, kwa hiyo unayapokea tu: Mkanada mwema anapigana, Mzungu wa Ulaya anajificha. Mwaka 2004 alisema hewani kwamba wengi wanaovaa kioo cha kukinga macho ni Waulaya na Wafaransa wa Quebec. Ndipo nikaanza kusikiliza vizuri. Kumbe hata Mkanada mwenzake alikuwa na daraja la pili kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao! Tangu 2013 kioo hicho ni lazima kwa kila mchezaji anayeingia NHL, wa Saskatchewan na wa Moscow sawasawa. Cherry mwenyewe alifukuzwa Novemba 2019 baada ya kuwasema wahamiaji hewani. Siku ile pale kazini tulikaa kimya sisi wageni, maana tulijua maneno yale yalikuwa yanatuhusu.

Dada Surrey
Fainali ya 2011, Vancouver na Boston. Marchand wa Boston alimpiga Daniel Sedin, Mswidi wa Vancouver, ngumi za uso mfululizo, Daniel hakulipiza. Kilichozungumzwa baadaye ni ulaini wa Waswidi, siyo ngumi. Huyo Daniel ndiye aliyeongoza ligi kwa pointi msimu ule, na pacha wake Henrik aliongoza msimu uliotangulia! Walikuwa wanaitwa madada, kama vile kuwa dada ni tusi. Hilo linaniuma mara mbili.

Kocha wa Jioni
Wakuu, naomba kutofautiana kidogo. Mitindo ya nchi ipo kweli. Uwanja wa kimataifa wa zamani una upana wa mita 30, wa NHL ni kama 26. Mtoto aliyekulia kwenye nafasi pana hujifunza kuzunguka na kutoa pasi. Aliyekulia kwenye nafasi finyu hujifunza kupenya katikati ya miili. Wasovieti chini ya kocha Tarasov walifundishwa pasi kuliko kitu kingine chochote. Mtangazaji akisema hivyo hajakosea.

Baba Brampton
Kocha, hapo hatugombani. Upana wa uwanja unaeleza mazoea ya miguu. Hauelezi ujasiri, uvivu wala uchoyo. Mimi nagombana na mtangazaji anayetoka kwenye miguu akahamia moyoni. Wanasema Mrusi hakabi: Datsyuk alichukua tuzo ya Selke ya mshambuliaji bora wa kukaba mara tatu mfululizo, 2008 hadi 2010, na kabla yake Fedorov aliichukua 1994 na 1996. Wanasema Mswidi mlaini: waulizeni mashabiki wa Boston kuhusu Mswidi Ulf Samuelsson alivyomuumiza mchezaji wao Cam Neely mwaka 1991. Wanasema Mrusi hafai kwenye timu: Detroit walipanga Warusi watano pamoja na wakachukua kombe 1997. Kila mmoja wa hao aliitwa wa kipekee, na ile kauli kuhusu wenzake ikaachwa vilevile.

Mama Tampere
Nawasalimu. Sisi ni Wakongo, tuko Ufini. Huku mambo yanageuka: Mkanada ndiye anayesemwa mgomvi asiye na ufundi, na Mswidi anasemwa anajiona. Kwa hiyo ugonjwa siyo wa Kanada peke yake.

Yangu ni ya mtoto wangu. Alipoanza, kocha mmoja alimweka pembeni kushambulia siku ya kwanza kabisa, hata kabla hajamwona akipiga kisahani, ule mpira wa hoki. Akaniambia kwa upole kwamba watoto wa Kiafrika wana mbio. Mwanangu hana mbio. Ana macho, anaona pasi ambayo wenzake hawajaiona. Alikaa pembeni msimu mzima akikimbizwa kitu asichokuwa nacho, na nyumbani anasema labda hoki haimfai. Nilimwomba kocha aliyefuata amtazame mechi chache akiwa katikati, basi. Yuko katikati mpaka leo.

Fundi Edmonton
Mama Tampere, umenigusa sana. Huyo kocha wa kwanza alisikia wapi hayo kama siyo kwenye televisheni ileile?

Mwana wa Nairobi
Wapendwa, huku Kenya timu yetu ya hoki, Ice Lions, wanacheza kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, uwanja mdogo kuliko ule kamili. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada kwa tangazo la kampuni ya kahawa, wakacheza pamoja na Crosby na MacKinnon, nyota mwingine wa NHL, na mwaka 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la kimataifa la hoki. Habari nyingi za nje ninazosoma kuwahusu huanza na jua na wanyama. Natamani kusoma mchambuzi mmoja anayesema nani kati yao anakaba vizuri, nani ana pasi, kipa anasimama vipi. Barafu finyu imewafunza kugeuka haraka sana, njooni mwone. Aliyewahi kuwatazama wakicheza kwenye uwanja mkubwa atuambie alichokiona.