Kasha la kompyuta: mbele kioo au wavu? Na nikague nini kwa nje?

kebo_fupi
Wakuu, naomba ushauri. Naunda kompyuta ya mezani yenye mazabodi (bodi kuu) ya micro-ATX, yaani saizi ndogo kuliko ATX ya kawaida, na kadi ya michoro ya urefu wa mm 320. Nimebakiza makasha mawili. La kwanza mbele ni kioo kizima, hewa inaingilia kwenye nafasi za pembeni, kama mm 10 kila upande. La pili mbele ni wavu wa chuma. Yote yanabeba feni tatu za mm 120 mbele, yana kioo ubavuni na tundu la USB-C. Litakaa chini ya meza, sakafu ya vigae. Kwa sura nimependa la kioo. Je, tofauti ya hewa ni kubwa kiasi cha kuliacha? Na kingine cha kukagua kwa nje ni kipi?

pangaboi
Chukua la wavu. Piga hesabu: feni ya mm 120, ukitoa kitovu cha katikati, inafagia karibu sentimita za mraba 100. Tatu ni 300. Nafasi ya mm 10 kwa urefu wa mm 400, pande mbili, ni sentimita za mraba 80 tu. Feni tatu zinagombania njia isiyotosha hata moja. Zitazunguka kwa kasi zaidi, kelele itapanda, na kadi ya michoro itaumia mapema kwa sababu ndiyo inayotegemea hewa ya mbele.

Wapo wanaosema uso uliozibwa, kama huo wa kioo, hupunguza kelele; ni kweli kompyuta ikiwa imetulia. Ukiipa kazi nzito, faida hiyo inaliwa na kasi ya feni.

Mwenye kasha la namna hiyo tayari anaweza kupima: endesha kazi nzito dakika 20, andika joto la kadi na la prosesa, kisha bandua uso wa mbele na urudie. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, uso ndio unaoziba.

Kagua pia nyuma ya wavu. Makasha mengine yana wavu wenye matundu madogo sana halafu yanaongeza kichujio cha nailoni nyuma yake. Tabaka mbili hizo hazihitajiki; toa la nailoni, wavu wenyewe unachuja vya kutosha.

Na hiyo mm 320: kipimo cha urefu wa kadi kinachoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni kabla ya feni za mbele kufungwa. Feni ya kawaida ina unene wa mm 25, kwa hiyo tafuta kasha linaloandika mm 345 kwenda juu, tena uache nafasi kidogo ya kuipitisha kadi wakati wa kuifunga.

pini19
Mimi niongeze upande wa matundu. Kasha kuwa na USB-C mbele hakumaanishi itafanya kazi. Kebo yake inaingia kwenye kitundu kidogo cha mstatili chenye ganda la chuma kwenye mazabodi, na mazabodi nyingi za bei nafuu hazina. Fungua kijitabu cha mazabodi yako kwanza. Zile USB za kawaida za kasi zinatumia plagi kubwa ya pini 19. Ichomeke wima na usiichomoe kwa kuiyumbisha, maana pini hupinda na hata kiota chake chote huweza kung'oka kwenye mazabodi.

Kwa kuwa kasha litakaa chini, matundu na kitufe cha kuwasha viwe ukingo wa juu, ila matundu yanayotazama juu hujaa vumbi, hivyo yafunike yasipotumika. Waya za kitufe hazina chanya wala hasi. Za taa zinazo, ukigeuza taa haiwaki lakini hakuna kinachoungua. Kitufe cha kuwasha kikifa siku moja, hamishia waya za kitufe cha kuanzisha upya kwenye pini za kitufe cha kuwasha, kazi ni ileile.

skrubu_nne
Kuhusu vigae: kuwa makini sana na kioo cha ubavuni. Ni kioo cha aina ya madirisha ya pembeni ya gari, kinahimili kugongwa katikati, lakini kona ikigusa kigae kinasambaratika chote, kwa sababu kigae ni kigumu kuliko kioo. Laza kasha kwanza, ndipo ufungue skrubu, na kioo ukiweke juu ya kitambaa kinene, kamwe si wima sakafuni. Unaporudisha, kaza kwa vidole tu na hakikisha vile vipete vya mpira vipo.

Chini, pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) inavuta hewa kupitia sakafu ya kasha. Miguu iwe na kimo cha mm 20 au zaidi, na kichujio kichomoke kwa mbele au ubavuni. Kikichomokea nyuma, utalazimika kuvuta kasha zima kila unaposafisha, na mwishowe hutasafisha.

kebo_fupi
Asanteni sana. Nimeangalia kijitabu: mazabodi yangu haina hicho kitundu cha USB-C, ila ina pini 19 sehemu moja.

pini19
Basi kuna adapta ya kutoka pini 19 kwenda USB-C, inakupa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Lakini kwa kuwa una pini 19 sehemu moja tu, ukiipa adapta, USB mbili za kawaida za mbele zitabaki bila pa kuchomeka. Chagua moja kabla ya kununua adapta.